Kicheko cha Bi Kidawa

Watu wa Mtangawanda walicheka kabla ya wakati. Badawi alikuwa jukwaani, amevaa ukaya, mtandio mwepesi wa kichwani, na miwani ya Bi Kidawa, bibi kizee mchokozi aliyemwigiza kisiwa hadi kisiwa kwa miaka. Alinyamaza kidogo, kama anavyonyamaza siku zote kabla ya kutoa neno la kuchekesha, na katika kimya kile uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye alikuwa hajasema kitu. Ila mdomo wake ulikuwa wazi, na ulimi ulikuwa na ladha ya udi.

Baada ya mchezo, mwigizaji mwenzake Jeilani alimsifu. Bi Kidawa, alisema, alimnyooshea kidole mvuvi mmoja akamwambia mtoto anayemlea si wake. Neno kali, lakini watu walivunjika mbavu. Badawi hakukumbuka kulisema, na hakumwambia Jeilani hivyo. Tusimlaumu. Mtu ambaye maisha yake yote amekitafuta kicheko, akikipata kimejaa, haulizi kimetoka wapi.

Kwenye mchezo uliofuata, mjini Faza, alijisikia mwenyewe. Alipomeza mate kungoja, sauti ya Bi Kidawa ilitoka kooni mwake bila yeye, nyembamba na tulivu, ikamwambia mjane Zakiya, aliyeketi mstari wa mbele, kwamba mumewe hakuzama, alimkimbia. Watu wakacheka kwa pamoja, wakaanza pamoja na kupanda pamoja kama wanaovuta kamba moja, na harufu ya udi ikajaa uwanja ambao haukuwa na chetezo, na Badawi akaona kwamba ni midomo tu iliyocheka, macho yalikuwa yamemtumbulia yeye yakiomba, na mwalimu wa madrasa alikuwa ameshika taya lake kwa mikono miwili akijaribu kulifunga, na Zakiya naye alicheka, machozi yakimtiririka, akacheka mpaka damu ikamtoka puani ikadondokea leso, na hakuweza kuacha. Kisha kicheko kikakatika, mara moja, kwa wote.

Hakuna aliyepiga makofi.

Alirudi Amu siku iliyofuata, akaenda mtaa wa Langoni kwa Bi Rumaisa, mama wa makamo aliyezungumza na majini bila makeke, kama anayezungumza na mpangaji mkorofi. Alimfunika shuka, akasoma, akauliza kinachotakiwa. Jibu lilitoka kinywani mwa Badawi, kwa sauti ya Bi Kidawa: jini angetoka siku hiyo hiyo, mradi Badawi naye ashuke jukwaani asipande tena.

Bi Rumaisa alimfunua. Akamwambia kwa upole kwamba wengine wameombwa watoto, na kwamba kazi nyingine zipo, hata bandarini Kililana.

"Ashuke yeye," Badawi akasema. "Mimi nalichekesha watu kabla hajanijua."

Bi Rumaisa akaikunja ile shuka, akamsogelea.

"Basi mnyime," akanong'ona. "Aingia pale unyamazapo. Usimwatie ndia."

Kutomwachia njia lilikuwa jambo gumu kuliko dawa yoyote. Mchekeshaji asiyenyamaza hachekeshi. Kimya kile kidogo ndicho kinachompa mtu nafasi ya kucheka. Badawi alitakiwa asimame mbele za watu aiue kazi yake kwa makusudi.

Alianza kisiwani Kiwayu, baada ya alasiri, kwenye ua wa shule. Jeilani alikataa kupanda naye, akaketi nyuma akisoma Ayatul Kursiyu. Badawi akavaa ukaya, akaanza kusema, asisite, neno juu ya neno, mizaha yote aliyowahi kuitunga ikimpita mdomoni kama mchele unaomwagika guniani. Watoto walipiga miayo. Wanaume wawili wakaondoka. Kooni kulianza kuwaka, udi ukapanda puani, na kila alipovuta pumzi kitu kilimsukuma ulimi kutoka ndani, naye akakipita kwa neno lingine, na lingine, jasho likimlowesha, giza likimwingia machoni, mpaka sauti ikaanza kumkauka.

Bibi mmoja mbele akashindwa kuvumilia.

"Vuta pumzi, mwanangu. Hakuna akufukuzaye."

Watu wakacheka. Kijana mmoja alianza, wengine wakafuata, mwingine akapaliwa, msichana akacheka baada ya wote kunyamaza, na hilo likawachekesha upya. Kwa kucheka kwao, Badawi akakatikiwa na maneno.

Kimya kikaingia. Ulimi wake ukainuka wenyewe na kumwelekea yule bibi.

Akauuma. Akauuma mpaka damu ikajaa kinywa, akaimeza, na kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruza akamjibu:

"Wewe humuoni tu, Bi."

Ua mzima ukacheka, kila mtu kwa wakati wake. Kifuani mwa Badawi kulikuwa na mmoja ambaye hakucheka.