Kofia Kavu Chini ya Tundu la Bati

Siku ile soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, lilikuwa limefurika. Fidès, mshonaji kutoka Bukavu, alikuwa akikatiza katikati ya wauza nyanya, shingo imepakwa poda, blauzi ya mikono mipana, kitenge cha kijani alichokiita pagne. Kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ilimpita karibu mno. Pindo la pagne likanasa kwenye mnyororo, likachanika hadi gotini.

"We kipofu?" alifoka.

Mwendeshaji, Mrundi mrefu mwenye kofia nyekundu, alipiga magoti vumbini kuinasua nguo. "Pole, mama. Macho ilikuwa inaangalia mwenye pagne, haikuona pagne."

"Mudomo tamu! Banakuitaka nani?"

"Irangabiye. We sema Iranga tu."

Alimfikisha kwake bure, na jioni akarudi kuuliza kama pagne imepona. Mvua za kwanza zilipoanza, majirani wote walishajua kwamba Iranga ni wa Fidès.

Kisha Fidès akaenda Lilongwe kununua zipu. Mbele ya maduka ya City Centre alimwona Iranga, shati jeupe limenyooshwa pasi, ameshikana mkono na msichana mwenye gauni la njano. Alijibanza nyuma ya gari, akapiga simu.

"Chéri, uko wapi?"

Alimwona akimpa yule msichana mgongo. "Niko mbali, huku Mitundu, chérie. Natafuta mahindi."

"Mahindi iko nzuri?"

"Nzuri sana! Nitakuletea."

"Lete," alisema Fidès kwa upole, akakata simu. Hakulia. Njia nzima ya kurudi aliwaza namna ya kumwumiza.

Nafasi ilikuja yenyewe. Usiku mmoja wa mvua, wezi walimpiga kichwani mlinzi wa soko, Nsengimana, wakang'oa bati la paa la kibanda cha kushonea cha Fidès na kuondoka na cherehani yake. Asubuhi, mvua ilipokatika, Fidès alisimama mlangoni peke yake akitazama tope. Nyumbani kwake ilikuwa imetundikwa kofia nyekundu ambayo Iranga aliisahau. Akaifuata. Akaingia kibandani, akaiweka chini ya tundu la bati, akatoka, akapiga yowe.

Watu wakajazana mlangoni. "Ile njo kofia ya Iranga!" Vijana walimshusha kwenye baiskeli yake, wakampasua mdomo kabla polisi hawajamtia pingu.

"Fidès, baambie!" alilia.

"Nibaambie nini? Uliza mahindi yako ya Mitundu."

Moyo wa Fidès ulipoa, ukawa mtamu.

Mchana akafika mchunguzi wa eneo la tukio kutoka Lilongwe, Inspekta Mbewe, mama mnene mwenye sauti ya chini. Hakugusa kitu. Alizungusha utepe, akachagua njia moja tu ya kuingilia, akapiga picha za kibanda kizima, kisha za kila kitu kwa karibu pamoja na rula. Ndipo akavaa glavu. Alipaka unga kwenye kifuniko cha cherehani kilichoachwa, akachukua alama za vidole. Vitambaa vilivyolowa alivitia katika mifuko ya karatasi ili visioze kama ndani ya plastiki.

Mwisho akachuchumaa mbele ya kofia. Akaiinua kwa vidole viwili, akatazama chini yake.

"Dada," alimwita Fidès kwa Chichewa, "mlinzi anasema, kutoka kitanda cha hospitali, kwamba wezi waliingia mvua ikinyesha. Matone yametoboa tope lote, hata chini ya kofia hii. Lakini juu yake ni kavu. Aliyeiweka alikuja mvua imekwisha, na nyayo zilizokanyaga juu ya matone ni za kandambili za mtu mmoja tu." Akaitazama miguu ya Fidès. "Kila anayeingia huacha kitu. Mlinzi akifa, huyu kijana atafia gerezani."

Fidès alilikumbuka gauni la njano. Alitaka Iranga aumie. Kifo hakukitaka.

"Nimeiweka mimi," alisema.

Alama za vidole zilimfichua mmoja wa wezi, na cherehani ikakutwa kwake. Nsengimana alipona. Iranga, mdomo umeshonwa nyuzi, aliitwa kituoni na kuulizwa kama anataka kumshtaki Fidès.

"Kwanza aseme," Fidès alidakia. "Ule mwanamke wa Lilongwe ni nani?"

"Akeza. Alikuwa mchumba wangu kule Burundi. Alikuwa anapita kwenda Afrika Kusini, nikamusindikiza. Niliogopa kukuambia."

"Uliogopa!"

"Njo vile, niliogopa. Na sasa nakuogopa zaidi." Akamgeukia Inspekta. "Andika kesi, madame."

"Iranga!"

"We uliniwekea kofia. Mi nakuwekea kesi."

Hakimu wa wilaya, huko Dowa, alimhukumu Fidès kufagia uwanja wa mahakama msimu mzima. Siku ya kwanza, jua likichoma, kabaza ilisimama langoni. Iranga akashusha sahani iliyofunikwa, nsima, ugali wa Malawi, na maharagwe.

"Umenisamehe?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini hapa?"

"Kesi ni kesi. Lakini utakula nini?"

Fidès alikula akiwa ameinamisha uso. "Kesho lete samaki," alinong'ona.

"Nitaleta maharagwe mpaka hasira yangu iishe."

Na kweli alileta maharagwe, majuma kwa majuma, bila kutabasamu. Siku alipoleta samaki, Fidès aliweka ufagio chini, akalia kwa sauti mbele ya makarani wote.