Neno Nililolitoa Mlangoni

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya milima ya Kongo nilipotoka kwenda kumwita Wilfred. Magoti yananiuma, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Saumu asingeweza kwenda mwenyewe. Alikuwa mbele ya laptopu tangu adhuhuri, anakiangalia kile kiduara kinavyozunguka, na alisema akiinuka tu ukurasa utarudi mwanzo.

"Bibi, mwambie leo ndiyo mwisho," aliniambia bila kugeuza kichwa. "Nisipothibitisha leo, nafasi ya uuguzi anapewa mwingine."

Saumu ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Musa. Vyuo viwili vilimchukua, akatakiwa achague kimoja kwa kuandika namba fulani mtandaoni. Akachagua cha Mwanza. Kazi ya dakika tano, walisema. Ile ilikuwa siku ya tatu.

Ukurasa ukifunguka, unafunguka nusu. Ukifunguka wote, akibonyeza, unaganda. Hapa kwetu Bangwe nyumba imekaa chini ya kilima, simu zinashika kwa kubahatisha, ndiyo maana mwaka jana tukaleta kile kiboksi cha intaneti chenye antena juu ya bati. Miezi yote kilifanya kazi. Ila mwezi ule kinachoka mchana kutwa, na ikikaribia magharibi ndiyo zaidi.

Kama mimi.

Wilfred ana kibanda cha kutengeneza simu pale barabarani. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, tumbo limemtangulia. Nilimkuta anafunga.

"Shikamoo, Mama Musa. Giza hili unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nayatembeza magoti yasije yakasahau kazi. Twende ukamtazamie mtoto mashine yake."

Alinitazama usoni, akachukua mkoba wake bila kuuliza zaidi.

Nyumbani alimwondoa Saumu kitini, akakaa yeye, akaguna. "Umefungua madirisha kumi na tisa, mwanangu. Hata punda angelala chini."

Akayafunga moja moja. Akafuta uchafu aliosema umejazana humo ndani, kurasa za zamani ambazo kompyuta inazitunza kama mimi ninavyotunza chupa tupu. Akatafuta virusi. Hakuna. Akazima, akawasha. Kiduara kikazunguka vilevile.

"Kiboksi kiko wapi?"

Nilikuwa nimekiweka kabatini, katikati ya vikombe vya wageni, nikakifunika kitambaa nilichokishona mwenyewe.

"Mama Musa, umemvisha shela."

"Vumbi, baba."

"Sasa anahema kwa wapi?"

Saumu alicheka. Siku tatu nilikuwa sijaisikia ile sauti. Wilfred akakitoa, akakiweka dirishani. Taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa kwa haraka sana. Saumu aliwahi kunifundisha: ikitulia, hakuna anayetumia, ikipepesa, kuna mtu.

Ukurasa ukaja nusu. Ukaganda.

Wilfred akakuna kidevu. "Basi kuna mtu anawanyonya. Ngoja tuone nani yumo."

Akafungua orodha. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika mgongo wa kiti. Sijasoma. Darasani sikuingia hata siku moja. Lakini kuna jina moja ninalolijua kwa macho. Musa alipokuwa darasa la kwanza alilichonga kwa msumari kwenye mlango wa chumbani. Nilimchapa siku ile. Baadaye nikakataza mtu yeyote asipake rangi pale.

Herufi nne.

Zilikuwa pale kwenye kioo.

"Hii laptopu yenyewe," Wilfred alikuwa anasoma. "Hii simu ya Saumu. Na hii... Musa."

Saumu akasema polepole, "Ni simu ya baba. Aliipa jina hilo mwenyewe. Herufi kubwa, hivyohivyo."

Mwanangu alikuwa nahodha wa boti. Miaka miwili iliyopita alitoka Ilagala alfajiri na watu watano, wakapigwa na upepo hapo mdomoni mwa mto Malagarasi. Hakurudi hata mmoja. Maji ya ziwa letu ni marefu, hayarudishi. Tulisoma arobaini bila kaburi. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

"Akina Musa ni wengi," Wilfred alisema. Hakujiamini. "Labda jirani."

"Jirani ni Mzee Alphonce," Saumu akajibu. "Simu yake ni ya tochi."

"Na hii iko karibu. Ona, mistari yote imejaa. Iko hapahapa uani."

"Inavuta nini?" nikauliza.

Akasogeza uso kwenye kioo. Akasoma mara mbili.

"Haivuti, Mama Musa. Inatuma."

"Inamtumia nani?"

Nje kuku walikuwa wameshatulia. Wilfred akageuka, akanitazama mimi, si Saumu.

"Hiki kiboksi mmekileta mwaka jana. Simu iliyopotea mwaka juzi haiwezi kulijua neno la siri. Lazima kuna mtu aliyelitoa."

Niliangalia miguu yangu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti ya kukwaruza, na jambo hili alituambia tukiwa wadogo kila tulipochelewa kuingia ndani: "Ukiitwa kutoka nje jioni, usiitike. Hesabu. Aliye hai ataita mara ya tatu. Wale wengine hawana ya tatu." Nilikua nikihesabu. Nikaolewa nikihesabu. Hata mume wangu alikuwa ananisubirisha mlangoni kwa ajili ya kuhesabu kwangu, akanung'unika, "Mke wangu, mimi nina mvua kichwani."

Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nafungia kuku. Nikasikia harufu ya karabai, ile taa ya mafuta ya kuvulia dagaa, ambayo siku hizi hapa ufukweni hakuna anayeiwasha. Wote wana taa za sola. Halafu, nyuma ya uzio...

"Mama."

Mara moja tu.

Sikuhesabu.

"Abee, baba," niliitika.

"Nipe neno."

Sikuuliza neno gani. Nyumbani kwetu neno la kuombwa ni moja. Saumu alilifanya jina la mbuzi wangu aliyekufa, na namba nne, ili nisilisahau. Nikalisema. Miaka miwili nilikuwa nasubiri sauti ile iniombe chochote, hata maji ya kunywa. Sikumwambia mtu.

Niliwaambia sasa, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti. Saumu alilia bila sauti, mikono mapajani. Wilfred alitoa leso, akajifuta shingo.

"Nimemtoa mara mbili wakati unasema," alisema. "Anarudi. Inabidi tubadilishe neno. Na safari hii, Mama Musa..."

"Nimekusikia."

"Niweke lipi?"

"Weka nitakalolikumbuka," nikasema. Sijui kwa nini nilisema vile. "Weka migebuka, wale samaki wetu wa ziwani. Na arobaini."

Akaandika. Taa dirishani ikazimika, ikawaka, ikatulia. Saumu akarudi kitini. Ukurasa ukafunguka wote, kwa mara moja, kama mlango uliotiwa mafuta. Akaanza kuandika namba, anaisoma kwa kunong'ona.

Mimi nikatoka uani. Nilijua nitaitwa.

Harufu ya karabai ilikuwa nzito. Na chini ya harufu ile kulikuwa na baridi, ile ya maji ya ndani kabisa ambayo jua halijapata kuyagusa.

"Mama."

Moja.

Nikashika nguzo ya banda la kuku. Midomo yangu niliibana kwa meno.

"Mama... limekataa."

Mbili.

Nikasubiri ya tatu. Wallahi niliisubiri. Nilisubiri mpaka masikio yakaanza kuvuma. Ndani nilisikia vidole vya Saumu kwenye herufi, tap, tap, vinasimama, vinaendelea. Ya tatu haikuja.

"Mwache mtoto amalize," nilinong'ona. "Ni mwanao, Musa. Mwache amalize."

Halafu, karibu zaidi, upande huu wa uzio:

"Nimechoka."

"Na mimi nimechoka, baba."

Nilitaka kulisema lile neno. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama punje. Nikafikiria mgongo wa Saumu ulivyopinda siku tatu mbele ya ile mashine, nikalimeza.

"Bibi," Saumu aliita kutoka ndani. "Imekubali."

Harufu ikaondoka taratibu. Sikusikia hatua. Nilisikia kitu kinavutwa mchangani, kama kamba ndefu iliyolowa.

Saumu alikwenda Mwanza mwezi uliofuata. Laptopu akaenda nayo. Kiboksi kikabaki dirishani kwa sababu alisema atakuwa ananipigia nimwone uso, kwenye simu aliyoniachia. Anapiga Jumapili. Amenenepa kidogo. Ameshajifunza kuchoma sindano, anajichekea mwenyewe, anasema mgonjwa wa kwanza alikuwa chungwa.

Siku nyingine sita nyumba ni yangu.

Hujui uzito wa nyumba mpaka uwe ndani yake magharibi peke yako, unaitazama taa ya kijani iliyotulia. Hakuna anayetumia. Hakuna aliyemo. Nilimnyima mwanangu neno moja, na mtoto wake ameshafika. Sasa namnyimia nini?

Nilikaa na swali hilo wiki tatu. Jioni moja nikavuta kigoda mpaka mlangoni, nikalisema. Sikuitwa. Nililisema tu, taratibu, kuelekea uzio, kama mtu anayemwaga maji kwenye mchanga.

Migebuka arobaini.

Nikageuka. Taa ilikuwa inapepesa.

Nililala vizuri. Sitadanganya. Nililala kama zamani.

Juzi Wilfred alipita jioni. Dukani kwake umeme ulikatika, akaomba atumie mtandao wangu kutuma kitu. Alikaa na simu yake dakika kumi, anagonga kioo, anaguna.

"Mama Musa, hiki kitu kimerudia ugonjwa wake."

Akafungua orodha. Nilimwona anasogeza kidole kushuka chini, halafu kupanda, halafu kushuka tena.

"Simu yako umeizima?"

"Iko chaji, imezimwa."

"Basi nikijitoa mimi..." Akahesabu kwa midomo. "Wamo saba. Mmoja ana jina la Musa. Wengine hawana majina, namba tu. Wote wanatuma."

Nikahesabu kwa vidole. Musa wangu. Feliksi. Nehemia na ndugu yake Leonardi. Selestini aliyekuwa na redio. Yule binti Melania aliyekuwa anakuja kliniki. Nikarudia kutoka mwanzo. Hao ndio waliopanda boti Ilagala.

Sita.

"Neno ulimpa nani?" Wilfred akauliza. Aliuliza chini sana.

"Mwanangu."

"Ulimwona?"

Sikumwona. Siku ile ya kwanza sikumwona, wala ya pili. Nilisikia tu "Mama." Na nilipokaa pale nikaikumbuka ile sauti vizuri, taratibu, kama unavyopembua mchele, nikakumbuka kwamba Musa wangu aling'oka jino la mbele akiwa mtu mzima, na tangu siku ile maneno yake mengine yalikuwa yanatoka na upepo. "Nimechoka" lingetoka na upepo.

Halikutoka na upepo. Nilikuwa na haraka ya kumtambua.

Wilfred alitaka kuchomoa waya. Mkono wake ulifika kwenye kiboksi, ukasimama. "Nikizima," alisema, "watakuja kuuliza."

"Watakuja."

"Nisipozima?"

Tuliangaliana, watu wazima wawili, na taa ya kijani ikipepesa usoni mwake. Akaurudisha mkono mapajani. Akaaga. Alipita mlango wa mbele, hakutaka kupita uani.

Leo ni Jumapili. Saumu hajapiga bado, au amepiga na hakupita. Kuku wameingia wenyewe. Harufu imeshafika, na nyuma ya uzio nimeitwa mara moja, halafu baada ya muda, mara ya pili.

Nimekaa kwenye kigoda. Sijaitika.

Nahesabu.