Ng'ombe Wanane Kwenye Dashibodi

Uwera alikuwa amefikia sufuria ya mwisho mlango ulipogongwa. Likizo yote ratiba yake ilikuwa ileile: Mama akiondoka kwenda zamu ya ghala, yeye huosha vyombo, humpa Bibi uji na dawa, kisha hufagia. Watu waliowatembelea nyumbani kwao, upande wa kusini wa jiji la Louisville, walipiga simu kwanza. Huyu hakupiga.

"Nani?" aliuliza bila kufungua, kama alivyofundishwa.

"Naitwa Semahoro, natoka Columbus. Namtafuta Bibi Bamurange, yule anayewajua ng'ombe."

Bibi alisikia kutoka kwenye kochi. "Mfungulie," alisema. "Mwizi hawezi kuja kwa ajili ya ng'ombe wangu. Siku hizi wako kichwani tu."

Aliingia kijana mrefu, shati limelowa jasho, amekumbatia boksi lililozungushiwa taulo. Kiyoyozi cha gari lake kilikuwa kimeharibika njiani, naye alikuwa amesimama mara tatu kununua barafu, si ya kunywa bali ya kupoza boksi. Baada ya kusalimiana, na baada ya Bibi kumuuliza yeye ni mtoto wa nani hadi akaridhika, Semahoro alifungua kifuniko.

Ndani ya sponji walilala ng'ombe wanane, kila mmoja ukubwa wa kidole gumba, wenye pembe ndefu nyembamba kama vijiti vya kiberiti. Walikuwa wa resini, ule utomvu wa kiwandani unaogandishwa kwa mashine. Semahoro alikuwa amewatengeneza nyumbani kwake, kisha akawapaka rangi kwa brashi ndogo kwa muda wa miezi miwili.

"Jumamosi tunakwenda Buffalo kumposea mdogo wangu Mirindi," alieleza. "Posa bila ng'ombe ni posa gani? Na ng'ombe wa kweli tutawapandishaje ghorofa ya tatu wanakoishi wakwe? Donc, basi, nimetengeneza hawa. Ni ng'ombe wa baba yetu. Lakini mimi niliondoka kule kwetu milimani nikiwa na miaka minne, nimechora kwa kuhadithiwa tu. Wewe Bibi ulikuwa jirani yetu, ukawakamua. Niambie kama ndio wenyewe."

Bibi aliwainamia. Dawa ilikuwa imeanza kumlemea, macho yakimfumba yenyewe. "Niache nilale kidogo, mwanangu. Nawe lala, umechoka. Nikiamka nitawaona vizuri."

Semahoro alimgeukia Uwera. "Waache hapahapa karibu na kiyoyozi, sawa? Resini ikipata joto kali inalegea."

"Sawa, Tonton," Uwera akajibu, akimwita mjomba kwa Kifaransa.

Haukupita muda, Sandrine wa nyumba ya pili akaja. Alipowaona ng'ombe alishika mdomo. "Wazuri! Lakini mbona umewafungia kwenye friji?"

Uwera alimgusa mmoja. Kweli, alikuwa baridi. Tangu utotoni alikuwa amesikia Bibi akisimulia jinsi kule milimani ukungu ulivyokuwa mzito, na jinsi ndama walivyotolewa kila asubuhi waote jua kabla ya kukamua. "Ndama asiyeota jua hanenepi," Bibi husema. Uwera alijua wazi kwamba hawa hawanenepi. Hata hivyo moyo ulimsukuma. Tena wangependeza kwenye picha!

"Dakika tano tu," alisema.

Nje kulikuwa na mbwa wa jirani, kwa hiyo waliona gari la Mama ndilo zizi salama. Mama huenda kazini kwa gari la mwenzake, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari. Wakawapanga ng'ombe kwenye dashibodi, nyuso zikitazama kioo, wakapiga picha, wakafunga milango. Sandrine akatoa kamba ya kuruka. Dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa saa nzima na zaidi.

Uwera alipofungua mlango wa gari, hewa iliyotoka ndani ilimchoma kama mvuke wa chungu. Pembe zote zilikuwa zimelala, kama majani ya maharage yaliyokosa maji. Miguu ilikuwa imepinda. Yule mwekundu alikuwa amepiga magoti.

"Mungu wangu!" Uwera alilia. "Posa ni keshokutwa!"

Sandrine alitazama huku na huku. "Warudishe kwenye boksi. Sema wamelegea wenyewe kwa joto la njiani. Si gari lake halina kiyoyozi? Nani atajua?"

Uwera alijua kwamba wangeaminiwa, na hilo ndilo lililomtisha. Tonton Semahoro angejilaumu mwenyewe, angemwomba Bibi radhi kwa kazi mbovu, na angeendesha mpaka Buffalo akijiona amemwaibisha mdogo wake.

"Mimi nitajua," alisema. "Na wewe utajua."

Aliingia ndani na boksi, akamwamsha mgeni. "Tonton, nisamehe. Uliniambia niwaache kwenye ubaridi. Niliwatoa, nikawaweka kwenye gari juani. Wameharibika, na ni mimi."

Semahoro alikaa sakafuni. Alimchukua mmoja, akamgeuza, akambonyeza pembe taratibu kwa ncha ya kidole.

"Hawajavunjika," Semahoro alisema hatimaye, akashusha pumzi ndefu. "Bon, vizuri. Kilicholegezwa na joto, joto litatusaidia kukirudisha. Niletee mabeseni mawili. Moja maji ya moto, yasiwe ya kuchemka. Jingine maji na barafu."

Bibi naye alikuwa ameamka. Aliposikia kilichotokea alivuta kiti karibu na mabeseni.

Kazi ikaanza. Uwera alimtumbukiza ng'ombe kwa kijiko kwenye maji ya moto na kuhesabu polepole. Semahoro akamnyoosha kwa vidole, kisha akamzamisha kwenye barafu ili agande vilevile.

"Hapana, hapana!" Bibi alipaza sauti walipomfikia mweupe. "Huyu ni Gitare! Pembe zake zilikwenda nje kwanza, ndipo zikapanda, kama mikono ya mtu anayepokea mtoto. Ulivyomtengeneza wewe alikuwa mbuzi!"

Semahoro alicheka mpaka akajimwagia maji. "Basi nikunje tena, Bibi?"

"Kunja tena. Bihogo naye, yule mwekundu, mwinue kichwa. Alikuwa na kiburi."

Jua lilipoteremka, ng'ombe wanane walisimama mezani. Bibi alipitisha macho kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Ndio wenyewe," alisema. Semahoro alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakamlegea. Uwera naye aliona kama mzigo wa kuni umeshuka kichwani.

Tatizo moja lilibaki: rangi ilikuwa imepasuka kwenye pembe na miguu.

"Nitakusaidia kupaka asubuhi kabla hujaondoka," Uwera aliahidi.

Sandrine alimfinya. "Kesho kanisa linatupeleka kuogelea! Tumeingoja tangu shule ifungwe!"

"Si lazima," Semahoro alisema.

"Nimeshasema, Tonton."

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu. "Sikiliza. Uliagizwa jambo moja, ukafanya ulilolipenda. Ndama wetu walihitaji jua kwa sababu ya ukungu. Hawa si ndama. Kila kitu ulichokabidhiwa, fuata maneno ya anayekijua. Hilo ni kosa, nalo tumelinyoosha. Lakini kama ungemdanganya mgeni wetu, hilo lisingenyooshwa na maji ya moto. Umefanya vizuri kusema mapema."

Saa tatu asubuhi gari la kanisa lilipiga honi mbele ya nyumba. Watoto walikuwa wakiimba, na Sandrine alitoa kichwa dirishani.

"Uwera! Tunakusubiri! Wamebaki wangapi?"

"Wawili!"

"Si Tonton anaweza kuwamaliza?"

Uwera aliwatazama wenzake, taulo zao mabegani. Akawapungia mkono.

Gari likaondoka na nyimbo zake, likakata kona. Uwera alirudi mezani, akamshika Gitare kwa vidole viwili, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akazuia pumzi ili mkono usitetemeke.