Gari la Ng'ombe Kumi na Wawili

Jumapili ile tulitoka kanisani mapema kwa sababu padri alikuwa na kigango kingine cha kwenda kusalisha. Maharage yalikuwa jikoni. Mvua ilikuwa imekatika siku tatu, uwanja umekauka, nguo za watoto zinapigwa na upepo kwenye kamba. Watu wanaosimulia habari za namna hii hupenda kusema kwamba siku ilianza na bundi, au mbwa walibweka bila sababu. Kwangu hakuna kilicholia. Kilichokuja ni gari.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Operesheni, tulipokwisha kuhamishwa na kupangwa kwa mistari hapa Machochwe. Magari tuliyoyazoea yalikuwa lori la ushirika la kubeba pamba na Land Rover ya wilaya. Hili lililoingia uwanjani kwetu saa nne asubuhi lilikuwa jekundu, fupi, limelala chini kama chura. Milango miwili, viti viwili, injini nyuma. Aliyeliendesha ni Stanslaus, rafiki wa mume wangu, mfanyabiashara wa Sirari ambaye nusu ya ukoo wake uko ng'ambo ya mpaka. Alikuja peke yake. Akaliegesha kwenye kivuli cha ghala.

"Mama Robi, njoo uone!" Benedicto aliniita. Mume wangu alikuwa na miaka arobaini na tisa, lakini sauti aliyoniitia ilikuwa ya kijana. Alikuwa amewaendesha wageni mbugani miaka minane, akapunguzwa kazi, na tangu hapo alikuwa anaota magari usingizini.

Nikafuta mikono, nikaenda.

"Hiki ndicho mlichokuwa mnanong'onezana mwezi mzima?"

"Linakwenda kilometa mia mbili kwa saa, shemeji," Stanslaus alisema.

"Linakwenda wapi?"

Nikamgeukia mume wangu. "Tuna watoto sita hapa. Wawili watakaa kiti kimoja, na wale wanne utawafunga juu kama kuku? Gunia la mahindi je, utalipakata?"

"Sitalipanda. Nitaliuza Musoma. Wakubwa watalipigania."

"Wakubwa wenyewe wanaogopa kuonekana na nyumba ya kupangisha, ndiyo waje wanunue hili waitwe wanyonyaji?"

Stanslaus alicheka, ila macho yake hayakucheka. Akataja bei. Ng'ombe kumi na wawili. Benedicto alikuwa na shilingi za kiinua mgongo chake na alitaka kutoa hizo kwanza. Stanslaus akakataa.

"Shilingi sitaki. Ng'ombe tu. Na wasiwe wa kununua mnadani. Wawe wale walioletwa na Robi."

Hapo nikaelewa kwa nini nimeitwa. Robi ni binti yetu wa kwanza, ameolewa Nata. Kwetu, ng'ombe wa mahari walioletwa na binti ni wa nyumba ya mama yake, na baba hawezi kutoa hata ndama bila neno la mama. Wanne kati yao walikuwa wanakamuliwa, watoto wanakunywa. Wote kwa pamoja ndio ambao mwanangu Tomaso angeolea mke. Basi uamuzi wa kununua au kutonunua ulikuwa wangu, na wanaume wawili wazima walikuwa wananitazama kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

"Kaa ndani kwanza, shemeji," Stanslaus alisema. "Ulisikie."

Alifungua mlango wa abiria, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani." Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kiti.

Nikakaa. Gari lilikuwa kivulini, madirisha wazi, lakini ile ngozi ya kiti ilikuwa na joto. Si joto la jua. Ni lile la kitanda ambacho mtu ameondoka sasa hivi.

Nikatoka. Nikawaambia nitafikiri, ingawa nilikwisha kuamua. Sikutaka tu kumwaibisha mume wangu mbele ya rafiki yake.

Saa nane na dakika tano balozi wetu wa nyumba kumi, Matiko, alikuja na saa yake mkononi. Wakati huo magari binafsi yalikuwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kubana mafuta, na Matiko alikuwa amengoja miaka miwili apate gari la kulizuia.

"Halitoki hapa mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi," alisema.

"Hata hili, balozi?" nikamuuliza. "Hili si gari, ni kiatu."

"Kiatu chenye injini, mama. Sheria ni sheria."

Nilitegemea Stanslaus atalalamika. Badala yake alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaenda na Benedicto kwa jirani kunywa togwa.

Nikampelekea mama mkwe chakula. Aliitwa Mokami, nyumba yake inatazamana na yangu. Miguu ilikuwa imemchoka lakini ulimi bado, na macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

"Mwenzako amekula?" akaniuliza.

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Usijifanye. Yule binti aliyeletwa na Stanslaus. Amekaa humo tangu saa nne, kichwa kainamisha, kitenge usoni, kama bibi harusi anayejua adabu. Na wewe bila haya umekwenda ukamkalia."

Niligeuka. Gari lilikuwa palepale. Kioo kilionyesha mawingu tu.

"Mama, mle hakuna mtu."

"Wivu huo. Nilijua Benedicto ataongeza mke, mtoto wangu si padri. Na bibi harusi hashuki bila kupewa kitu. Wewe mwenyewe ulinigomea mlangoni mpaka nikakupa mbuzi, umesahau? Leo sina mbuzi. Nimejikokota mpaka pale, nikampa bangili yangu."

Nikautazama mkono wake. Ile bangili ya shaba ilikuwa haijavuka kifundo cha mkono miaka arobaini, mkono ulikuwa umevimba juu yake. Sasa haikuwepo. Palikuwa na mstari mweupe, laini kama ngozi ya mtoto mchanga.

"Ameipokea kwa mikono miwili," mama mkwe alisema. "Mikono ya baridi, maskini. Nimemwambia karibu nyumbani."

Nilikwenda kwenye gari. Niliangalia kitini, chini ya kiti, sakafuni, kwenye majani pale nje. Bangili haikuwepo. Kiti kilikuwa bado na joto. Na kilikuwa kimebonyea.

Sikupiga kelele. Nilikuwa na nguo za kuanua na uji wa kupika. Nikavifanya. Lakini kila nilipopita uwanjani nilijikuta nimezunguka mbali na ghala.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, ng'ombe wakarudi. Kundi letu lote lilikuwa ishirini na watatu, wakiwemo wa mama mkwe. Kumi na mmoja wakaingia zizini kama kawaida. Waliobaki hawakuingia. Walilizunguka gari, wakasimama, vichwa ndani, mikia nje. Kimya. Hata ndama hakulia.

Sikuhitaji kuwahesabu. Nawajua kwa rangi. Walikuwa wa Robi.

Nikamwita Stanslaus. Alipowaona alikaa chini vumbini na suruali yake ya Jumapili.

"Niambie," nikasema. "Haraka. Kabla sijakupiga na hii fimbo."

Akanieleza kwa kunong'ona. Gari lilikuwa la kaka yake wa ng'ambo. Kaka yake alimpenda binti mmoja wa Kewanja, akamchukua kwa gari lile kwenda kumwoa, ng'ombe akaahidi kuwaleta baadaye. Njiani binti akawa kimya. Walipofika na mlango ukafunguliwa, alikuwa amekaa vilevile, kitenge usoni. Amekufa. Gari halina hata mkwaruzo. Kwa mume hakuwahi kupokelewa, na ng'ombe wake hawakuwahi kulipwa. Kwa hiyo si wa huku wala si wa kule. Baada ya miezi sita kaka mtu naye akafa, gari likamwangukia Stanslaus, na binti bado yumo.

"Ng'ombe hawa si wangu, shemeji. Ningewapeleka Kewanja, kwa baba yake. Mganga alisema, atakayemtolea ng'ombe waliokuja kwa mahari ndiye atakayekuwa mwenye mke."

"Kwa hiyo hukuja kuuza gari. Umekuja kuoza."

Akafunika uso. Benedicto alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia yote, hana rangi. "Mimi sikujua," akasema. "Mama Robi, naapa."

"Najua hukujua. Wewe ulikuwa unaangalia magurudumu."

Halafu nikasikia pumzi zangu mwenyewe. Nilikuwa nimechoka. Nimezaa mara tisa, nimezika wawili, nimehamishwa na nyumba yangu mgongoni. Sikuwa na nafasi ya kuogopa mtu ambaye hata maji hachoti.

Nikapita katikati ya ng'ombe. Nikafungua mlango.

Hakuna mtu. Kiti kimebonyea. Harufu ya mafuta ya nazi na udongo mbichi.

"Mwanangu," nikasema, "aliyekukosea si mimi. Walikuchukua bila heshima, na huo ni ubaya. Lakini ng'ombe hawa wameletwa na binti yangu aliye hai. Watoto wangu wanakunywa maziwa yao. Sitawatoa."

Upepo ulikuwa umekatika.

"Sitawatoa. Umesikia?"

Kiti kikalia, taratibu, kama mtu anageuka kunitazama. Na karibu sana na sikio langu, sauti ya msichana. Ndogo. Ina aibu.

"Mama amenipokea."

Nywele zilinisimama. Nikashika ukingo wa mlango.

"Mama amekupokea. Mimi sijakupokea."

Nikaufunga mlango kwa nguvu zangu zote. Nikanyanyua fimbo, nikawachapa ng'ombe mmoja mmoja, nikiwaita majina, mpaka wa kumi na mbili akaingia zizini. Nikafunga mlango wa zizi kwa mnyororo wa baiskeli.

Saa kumi na mbili asubuhi, Matiko akiwa amesimama na saa yake, Stanslaus aliingia kwenye gari lake. Nilikuwa nimemwambia aende nalo, alizike, alichome, alitupe Mto Mara, ni juu yake. Aliweka mkono kwenye kiti cha abiria. Akautoa. Akauweka tena.

"Shemeji," alisema. "Kimepoa."

Akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akawasha gari akaondoka mbio, kuku wakatawanyika. Hakuaga. Matiko alisema hajawahi kuona mtu anafurahi hivyo kwa kukosa mteja. Mimi nilikuwa nautazama uwanja.

Ulikuwa umefagiwa. Kuanzia pale gari liliposimama mpaka mlangoni kwa mama mkwe, michirizi ya ufagio imenyooka kama mistari ya daftari. Hakuna unyayo hata mmoja juu yake. Mimi ndiye huamka wa kwanza nyumbani kwangu, na ufagio wangu ulikuwa ndani, nyuma ya mlango.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje na kikombe cha uji ambacho sikumpikia.

"Mwenzako anaamka mapema kuliko wewe," alisema.

Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Benedicto alileta padri, padri akanyunyizia maji ya baraka, kesho yake vumbi lenye maji ya baraka likawa limefagiwa pia. Jirani walitushauri tuhame. Kuhama tena? Serikali ilinihamisha mara moja, na ilikuja na lori. Nikasema asiye na lori hanihamishi. Nilikuwa naamka, nachukua ndoo, naikanyaga ile michirizi yake katikati, naenda kisimani. Mlangoni kwangu hakuwahi kufika. Alikuwa anaishia hatua mbili kutoka hapo.

Mama mkwe alifariki kwa uzee mwaka wa nne. Tomaso akaoa mwaka uleule, kwa ng'ombe walewale wa Robi, na ndama wao juu. Mkewe anaitwa Gati. Asubuhi yake ya kwanza alitoka na ufagio, kama bibi harusi apasavyo, akarudi jikoni amekunja uso.

"Mama, nani amefagia kabla yangu?"

"Fagia juu yake," nikamwambia.

"Kumeshakuwa safi."

"Fagia, mwanangu. Hapa ni kwako."

Akaenda. Anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo michirizi yake hupinda. Nilisimama mlangoni nikimwangalia mpaka akamaliza uwanja wote, akaweka ufagio, akaenda kuchota maji. Nikageuka kuchochea moto. Nilipotazama tena, katikati ya michirizi iliyopinda palikuwa na mmoja ulionyooka, mbichi, vumbi lake bado liko hewani.

Nikamwita Gati arudie.