Risasi Isiyo na Baruti

Polona alikuwa akikoroga maharage na kabichi chachu kwa mkono wa kushoto. Yeye si wa mkono wa kushoto, lakini bega la kulia lilikuwa likimwuma. Mama yake alirudi kutoka kazini, jikoni kwenye hospitali ya mjini, akavua koti, akamtazama. Kisha akamvuta ukosi wa shati na kuchungulia.

"Hili ni bega au biringanya?" mama aliuliza.

Polona akajifunika. Akasema si kitu. Ilikuwa Jumapili ya tatu mfululizo ya kusema si kitu.

Sebuleni, Babu Ciril alikuwa akipangusa bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta. Pale nyumbani wote waliiita Ndefu. Ilitengenezwa kwa kipimo cha babu alipokuwa kijana, na babu alikuwa kipande cha mtu. Mpaka leo akiingia mlangoni huinama. Marehemu baba yake Polona alipiga kulungu wake wa kwanza kwa Ndefu. Ami yake vilevile. Katika ukoo wao hakuna aliyeanza kuwinda kwa bunduki nyingine.

Sasa ilikuwa zamu ya Polona. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Kimo chake kilikomea kwenye mfuko wa shati la babu.

Masika yale alikuwa amejiunga na chama cha wawindaji cha kijiji kama mwanafunzi. Kwao huwezi kuamka tu ukaenda porini na bunduki. Mwanafunzi hufanya kazi mwaka mzima chini ya mlezi wake. Huwapelekea wanyama chumvi ya kulamba, hukarabati madungu ya kuvizia yaliyooza, husoma sheria. Mwisho hufanya mtihani wa maswali na mtihani wa kulenga shabaha. Akifaulu, ndipo huomba kibali cha polisi cha kuwa na bunduki yake.

Babu alikuwa amekwisha kuipanga ile siku yake ya kwanza ya kuwinda. Alisema watakwenda wawili tu, Polona abebe Ndefu na yeye abebe fimbo.

Babu alikuwa na miaka themanini na miwili. Magoti yake yalikuwa yakilia kama ngazi ya dungu kuukuu. Polona alijua kwamba hawana miaka mingi ya kungoja. Kwa hiyo hakuthubutu kusema kwamba Ndefu inamtesa. Kila Jumapili alikwenda kwenye uwanja wa shabaha, na kila Jumapili alikosa. Usiku hakulala vizuri. Karatasi ukiikosa, unabandika nyingine. Je, mnyama ukimpiga vibaya akakimbia na jeraha lake, utabandika nini?

Jumapili iliyofuata babu alitaka kuona mwenyewe. Walimkuta Bi Darinka uwanjani, akibandika karatasi za shabaha. Bi Darinka alikuwa jirani yao na mlezi wa Polona katika chama. Kabla ya kustaafu alikuwa mpeleka barua. Miaka thelathini alipanda vilima vile na mkoba, na babu hakuacha kumwita Posta.

"Posta, leo umemletea mjukuu wangu barua gani?" babu alisema.

"Leo mimi napokea tu, mzee," Bi Darinka alijibu.

Polona akavaa vizibo vya masikio, akakaa mezani, akaweka Ndefu juu ya mfuko wa mchanga. Kitako cha bunduki kilikuwa kirefu kwake. Ilimbidi anyooshe shingo ili jicho lifike kwenye darubini. Akafyatua. Ndefu ikampiga teke. Risasi ikaenda chini, kulia. Akafyatua tena. Mara hii karatasi haikuguswa kabisa.

"Uma meno, mjukuu wangu," babu alisema. "Utaizoea."

 Bi Darinka aliiomba bunduki, akawapa mgongo, akaijaza yeye mwenyewe. Akamrudishia Polona, akamwambia apige kama kawaida.

Polona akalenga. Akavuta pumzi. Akabana kifyatulio.

Ikasikika *ta*, basi. Bunduki haikulia. Lakini mtutu uliinama ghafla, kama shingo ya kuku anayedonoa.

Polona aliutazama ule mtutu kama kwamba umemsengenya. Bi Darinka akafungua bunduki, akatoa kidude cha plastiki chenye umbo la risasi. Hakikuwa na baruti wala chochote ndani.

"Umeona," alisema. "Bunduki imenyamaza, lakini wewe umeruka. Mwili wako unangoja teke. Kabla teke halijaja, unafumba macho na kusukuma bega. Risasi inatoka mtutu ukiwa umekwisha kuinama."

"Kwa hiyo mimi ni mwoga," Polona alisema.

"Hapana. Mtu akikuinulia kofi, hupepesi macho? Huo ni mwili unajilinda. Ungeanza na bunduki ndogo, mwili usingejifunza tabia hii. Umeanza na kubwa, ya mtu mwingine."

Babu akacheka kifuani. Alisema hayo ni mambo ya watoto wa siku hizi. Yeye ameipiga Ndefu miaka sitini na hajawahi kupepesa hata ukope.

"Basi karibu kiti, mzee," Bi Darinka alisema.

Babu akakaa. Bi Darinka akawapa mgongo tena, akaijaza. Risasi ya kwanza ilikuwa ya kweli, ikaingia karibu na kitovu cha shabaha. Babu akamkonyeza mjukuu wake. Ya pili ilikuwa ya kweli. Ya tatu ikasema *ta*.

Mtutu ukainama.

Hakuna aliyecheka. Babu alibaki na shavu juu ya kitako kwa muda mrefu. Kisha akaomba arudie. Bi Darinka akaijaza tena, akiwa amewapa mgongo. *Ta*. Mtutu ukainama tena, chini zaidi. Babu akaweka bunduki mezani ikiwa wazi na mtutu ukielekea shabaha, kama alivyowafundisha watoto wake wote, akasimama akaenda zake garini.

Walirudi nyumbani. Mezani alikula kidogo. Mama alipoondoa sahani, babu akaanza kusimulia, macho yake yakiwa kwenye kitambaa cha meza. Ulikuwa mwaka ambao baba yake Polona alikuwa bado ananyonya. Kulungu dume alisimama kwenye ukingo wa malisho, kule chini ya msitu wa Rog. Babu akapiga. Kulungu akaruka, akaingia msituni. Babu alimtafuta siku mbili na mbwa. Aliona damu kwenye majani, kisha damu ikakoma. Hakumpata. Chamani walipomwuliza, aliwaambia ulikuwa upepo. Mkewe naye alimwambia upepo.

"Hapakuwa na upepo," babu alisema.

Polona akaweka mkono wake juu ya mkono wa babu. Hapo hapo akapata nguvu ya kusema lile lililomkaa kooni. Alimwambia anataka sana kwenda porini naye, kuliko kitu kingine chochote. Lakini kwa Ndefu hatakwenda.

 Mama akasimama na sahani mkononi, hakujua aendelee au angoje.

"Kesho tutamwuliza Posta," babu alisema mwishoni. "Kahawa ipo?"

Kesho yake jioni Bi Darinka alikaa nao jikoni. Kwanza alimwambia Polona akunje mkono, akaweka kitako cha Ndefu kwenye kiwiko chake. Kidole chake hakikufika kwenye kifyatulio. Kilipungua kwa upana wa vidole viwili.

"Umevaa koti la babu yako," Bi Darinka alisema. "Mikono imepita vidole. Halafu tunakulaumu kwa nini unamwaga supu."

Mama akacheka, na babu naye akatabasamu.

Bi Darinka alieleza polepole. Bunduki ya kwanza ya kujifunzia iwe ile ya risasi ndogo kabisa. Hailii sana, haina teke, na unaweza kupiga shabaha nyingi bila kuchoka. Chama kinazo, za kutumia uwanjani. Hiyo itamfundisha kushika, kupumua, na kubana kifyatulio taratibu kama anayekamua tone la mwisho la limau.

"Basi na kulungu si nimpige kwa hiyo hiyo?" Polona aliuliza.

"Hapana. Hiyo ni ya karatasi. Kulungu itamjeruhi tu, na sheria inakataza. Ya kuwindia itakuja baadaye. Iwe ya wastani. Itoshe kumwangusha mnyama papo hapo, isitoshe kukuangusha wewe."

"Na kubwa haiui vizuri zaidi?" babu aliuliza. Hakuuliza kwa ubishi.

"Mzee, kinachoua ni mahali risasi inapoingia. Ndogo kiasi, ikiingia mahali pake, inashinda kubwa iliyokwenda tumboni."

Babu akakubali kwa kichwa. Alikuwa akiangalia mikono yake.

Majira yote ya baridi Polona alikwenda uwanjani kila Jumapili. Theluji ilipokuwa nyingi aliizoa kwa koleo kwanza, kisha akapiga shabaha. Alipiga risasi ishirini, hakuzidisha, kwa sababu mtu aliyechoka hujifunza makosa. Babu alikaa kando yake na kopo la risasi magotini. Yeye ndiye aliyeijaza bunduki, na kila baada ya risasi kadhaa alichomeka ile isiyo na baruti. Polona hakujua itakuja lini. Mwezi wa kwanza mtutu uliinama. Mwezi wa pili uliinama kidogo. Siku moja mwezi wa tatu ilisikika *ta*, na mtutu ukatulia kama umepigiliwa misumari.

 Babu alimkata kipande kikubwa cha mkate mtamu wa kokwa za jozi, kikubwa kuliko chake. Kisha akaomba na yeye apige chache. Bi Darinka alimkuta mzee wa miaka themanini na miwili akijifunza upya na bunduki ya risasi ndogo. Alitaka kumtania. Akageuka, akaenda kubandika karatasi.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo Bi Darinka aliyarudia mpaka Polona akayaota. Kila bunduki ihesabu kuwa imejazwa, hata kama umeitoa risasi mwenyewe. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje mpaka umekwisha kulenga. Na ujue kilicho nyuma ya shabaha, maana risasi haisimami kwa sababu wewe umekosa.

Masika Polona alifanya mtihani. Maswali aliyajibu. Kwenye shabaha alipiga nne, na matundu yote manne yangefunikwa na kisahani kimoja cha kahawa. Kibali kilipotoka, alikwenda dukani na Bi Darinka. Muuzaji alimletea bunduki nzito, akasema hiyo inaangusha hata dubu.

"Dubu hajanikosea," Polona alisema. "Nipe ya wastani."

Bi Darinka akahakikisha bunduki ni tupu, akamwelekeza kwenye ukuta wa mawe. Alimwambia afumbe macho, aipandishe begani, kisha afumbue. Bunduki ya kwanza ilimwonyesha giza kwenye darubini. Ya pili vilevile. Ya tatu alipofumbua macho, alikuta duara jeupe, safi, bila kunyoosha shingo. Fundi alipunguza kitako kidogo tu. Nyumbani waliifungia katika kabati la chuma lililokazwa ukutani, kando ya Ndefu. Risasi zilikaa kwenye kisanduku chake chenye ufunguo wake.

Septemba, asubuhi yenye ukungu, walikwenda wawili. Babu alibeba fimbo. Walikaa kwenye dungu fupi ambalo Polona alilitengeneza mwenyewe, lenye ngazi ya vipandio vinne tu. Kulungu wa kwanza alisimama juu kabisa ya kilima. Nyuma yake palikuwa na anga tupu. Polona alimtazama kwa darubini, kidole kikiwa nje, akamwacha apite. Babu akamgusa goti.

Jua lilipopanda akatoka mwingine, dume, kwenye mteremko. Nyuma yake palikuwa na udongo. Akageuka ubavu. Polona akavuta pumzi, akabana taratibu. Kulungu akaanguka pale pale, hakuondoka hatua moja.

Polona akatoa risasi zilizobaki kabla ya kushuka. 

Babu alivunja kitawi cha msonobari, akakiweka mdomoni mwa kulungu. Ni tonge lake la mwisho, ndivyo wanavyomheshimu mnyama kwao. Akavunja cha pili, akakichomeka kwenye kofia ya Polona. Kisha akavunja cha tatu, akakishika.

Polona alimwuliza hicho ni cha nani. Babu akasema watapitia malisho ya Rog, ni karibu.

Haikuwa karibu kwa magoti yale. Walikwenda polepole, Polona akiwa na kulungu mgongoni, maana kulungu wa kwao hamzidi mbuzi. Kwenye ukingo wa malisho babu alisimama, akatazama, akasogea hatua tatu kushoto. Akainama kwa shida, akaweka kitawi majanini.

"Yule hakupata," alisema.

Polona alingoja. Babu alipoinuka alijifuta magoti, akamwambia wafanye haraka, maini yanataka kuliwa siku ile ile, yakiwa bado na joto la sufuria, na Posta amekwisha kuweka vitunguu motoni.