Pengo katika Misheni ya Tano

Jumatatu asubuhi, mara tu saiba, duka la intaneti, ilipofunguliwa pale Litein, Nelvine Chelangat aliwasha kompyuta ya dirishani akakuta folda yake haipo. Misheni tisa alizotunga mwaka mzima, yaani hatua za mchezo wa kompyuta wa vita vya angani, zilikuwa zimefutwa. Kibaya zaidi, misheni hizo hizo zilikuwa zimepandishwa kwenye mtandao wa wapenzi wa mchezo Jumapili usiku, kwa jina la mtu asiyejulikana.

Shindano la watungaji lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni hiyo. Mshindi angeajiriwa na kampuni ya michezo huko Nairobi, na nafasi ilikuwa moja. Nelvine alikaa akalia.

Mwenye saiba, Janefer Nyanchoka, ambaye vijana walimwita Mama Bogonko, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Utalia baadaye. Nani anajua paswadi yako?"

"Wawili tu, Mama Bogonko. Momanyi na Kipruto. Hao ndio hunijaribia misheni."

Momanyi alikuwa kijana aliyechuna majani chai kwa mama yake Nelvine. Jumamosi aligombana na Nelvine mbele ya watu, kwa hiyo saiba nzima ilikuwa imeshamhukumu. Janefer alimwita kwanza.

"Ulimwambia nini huyu msichana?"

"Nilikuwa na hasira. Nilimwambia hizo misheni zitamharibikia. Amenichezesha ile ya tano mpaka macho inauma!"

"Na jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa nyumba. Nimelala."

"Nani alikuona?"

"Sasa mtu akilala anaonwa na nani, Mama Bogonko?"

Kipruto, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja mwenyewe, na soda ya kumtuliza Nelvine mkononi.

"Umefungua hizo zilizopandishwa?" Janefer aliuliza.

"Hapana, Madam. Siwezi hata kuangalia. Inaniuma."

Janefer alizifungua yeye, Nelvine akiwa kando. Misheni hufunguka kwa zamu: usipomaliza moja, huioni inayofuata. Walipofika ya tano, Nelvine alishika meza.

"Hapa kumejazwa!"

Katika misheni yake, mabomu ya adui yalikaa kwa mistari, na katikati palikuwa na pengo la kupitisha chombo cha wagonjwa. Sasa pengo lilikuwa limejazwa vizuri, mstari kwa mstari. Hakuna chombo ambacho kingepita.

"Kwa nini uliacha pengo?"

Nelvine alimnong'oneza sababu. Janefer aliguna, akawaita vijana wote wawili.

"Nataka jibu moja. Misheni ya tano ya Nelvine ina makosa gani?"

"Haina makosa," alisema Momanyi. "Ni ngumu tu. Lazima upite polepole pale kwa mzee."

"Mzee gani?" Kipruto aliuliza.

"Baba yake. Hiyo mistari ni shamba yao, vile majani imepandwa. Tukimzika tulitoa miti pale katikati. Nani anaweza kupanda majani juu ya kaburi?"

"Kumbe ni kaburi? Mimi nilifikiri alisahau mistari, ndiyo nikai—"

Alikuwa amechelewa kujizuia.

"Ukaijaza," Janefer alimalizia. "Na uliniambia hujafungua."

Kipruto alitoa mfukoni flashi yenye misheni alizoziiba, akaibwaga mezani. "Nimemjaribia mwaka mzima! Kazi ni yake, sifa ni yake. Jina langu liko wapi?"

"Misheni ya tisa," alisema Nelvine. "Niliimaliza Jumamosi. Yule rubani anayewaokoa wote anaitwa Kipruto. Hukuona?"

Hakuwa ameiona. Alipojaribu kuzicheza baada ya kuziiba, alikwama ya tano, kwenye mabomu aliyoyaweka mwenyewe. Alifunika uso kwa mikono.

Aliwaandikia wasimamizi wa shindano kukiri, Janefer akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Nelvine hakutaka msaidizi. Aliyatoa mabomu ya katikati moja moja, mpaka pakawa wazi tena kwa baba yake, kisha akapandisha misheni zote kwa jina lake kabla ya saa kumi na mbili.

Jina la rubani hakulibadilisha.