Krismasi Hakuwa na Njaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Flavia alikata shina la mgomba vipande vipande akampa Krismasi, ng'ombe pekee wa nyumbani kwao kijijini Uru. Ng'ombe huyo aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa sikukuu ile ambayo mama yake Flavia alikuja nyumbani kwa mara ya mwisho. Bei ya kahawa ilipoanguka, mama alikwenda Arusha kuuza mitumba, akamwacha binti yake kwa Bibi Margareta. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Basi mtoto wa watu akawa anamsimulia ng'ombe kila kitu, na ng'ombe, maskini, alisikiliza huku anatafuna.

Kiangazi kile maziwa yakapungua.

"Yasipoongezeka, nitamuuza," Bibi alisema, akarudi jikoni. Hivyo tu! Flavia akashikwa na uchungu. Akimkosa Krismasi, ataongea na nani? Akaanza kujaza migomba na majani mpaka hori likafurika. Wapi! Maziwa yalizidi kupungua.

Siku moja Mwalimu Eunike aliwapa darasani habari ya kusoma, inayohusu ng'ombe wa mlimani wanaopungukiwa maziwa. Wanafunzi watafute tatizo na suluhisho. Flavia alinyoosha mkono wenzake wakiwa bado wanasoma.

"Tatizo ni maziwa kupungua. Suluhisho ni kuongeza chakula."

"Umesoma ukaishia wapi?" mwalimu akauliza.

"Aya ya pili, mwalimu."

Darasa likacheka.

"Hapo wafugaji wanajaribu tu," mwalimu alisema. "Endelea mbele. Angalia palipoandikwa 'lakini', halafu palipoandikwa 'kwa sababu'. Ukishajua chanzo cha tatizo, ndipo utaliona suluhisho."

Flavia akasoma tena, polepole. Wafugaji waliongeza chakula, lakini maziwa hayakurudi, kwa sababu waliamini kwamba utomvu wa mgomba unamtosha ng'ombe, hivyo hawakumpa maji ya kunywa. Wakati wa mvua majani mabichi yalisaidia. Kiangazi ng'ombe waliteseka kwa kiu.

Loo! Hata kwao Krismasi hakuwahi kuwekewa ndoo ya maji!

Kengele ilipolia hakumngoja mtu. Alichukua ndoo nyumbani, akateremka mferejini kuteka maji, akapanda nayo kichwani. Krismasi alikunywa yote, akalamba mpaka kitako cha ndoo. Flavia akarudi tena na tena, shingo ikimuuma. Tangu hapo ikawa kazi yake ya kila siku, na kabla wiki haijaisha, maziwa yakaanza kurudi.

"Umemfanya nini huyu?" Bibi aliuliza, amesimama mlangoni mwa banda.

"Nampa maji, Bibi. Tulikuwa tunamwongezea chakula, kumbe ana kiu."

Bibi alimtazama mjukuu wake, aliyejibanza ubavuni mwa ng'ombe kama kawaida yake.

"Huyu hauzwi," akasema. "Na umenifundisha kitu, mjukuu wangu. Tusikimbilie kutoa dawa kabla hatujajua ugonjwa. Kila jioni nakuona umeinamisha kichwa, nami nakujazia bakuli la mtori wa ndizi. Kumbe huna njaa."

Flavia akashindwa kujizuia, akalia. "Namkumbuka mama, Bibi."

"Hata mimi namkumbuka."

Bibi akavuta kigoda, akaketi pale pale kwenye majani ya ng'ombe.

"Haya, leo usimsimulie Krismasi," akasema. "Nisimulie mimi."